Mti wa Kivuli Huchaguliwa Septemba

Mzee wetu wa safu ya bustani, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia Njombe. Nilihamia Tabora kumfuata mume wangu, ambaye ni mzaliwa wa hapa. Tumejenga Ipuli kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30. Nyumba ni ya bati na uso wake unatazama magharibi, barabarani. Dari bado hatujaweka. Mbele tumebakiza mita tisa hivi, ambako hakuna hata jani. Kuanzia saa nane mchana sebule haikaliki. Watoto wakirudi shuleni wanahamia uani, nyuma ya nyumba, wanafuata kivuli cha ukuta hadi jua lizame.

Nilipokuja nilibeba miche ya nyumbani aliyonipa baba: mipeasi miwili, mtofaa mmoja na paina tatu. Paina zilikauka kabla ya mwaka kuisha. Mpeasi mmoja umekufa, wa pili unajikongoja. Mtofaa ndio unaonishangaza: haufi wala haukui. Tawi moja linatoa majani, mengine yamelala miezi na miezi.

Sasa kila mtu ana mti wake. Mume wangu anataka miashoki kumi kwa mstari mbele ya nyumba, maana ndiyo ya kisasa. Mama mkwe anasema pandeni mwembe, wazee walipanda miembe na hawakuwa wajinga. Jirani anasema mwembe utapasua msingi na kuleta popo, bora mkrismasi, una kivuli kipana na maua mazuri. Mimi moyoni nawaza mwarobaini kwa sababu naona unakua upesi. Ninachotaka ni mti mmoja au miwili, isiyomwaga majani wakati wa joto, isiyobomoa nyumba, na wanangu waikalie kabla hawajamaliza shule. Na mchwa tutawafanyaje? Wamekula hata fito za uzio.

Mwalimu wa Ipuli

*

Marahaba, mwalimu, na kamwene ya kwenu, ili usijione ugenini.

Barua yako imenifikia wakati mzuri, mwishoni mwa Agosti. Kabla hujamsikiliza mumeo, mkweo, jirani au mimi, fanya kazi moja ndogo. Wiki ya mwisho ya Septemba, toka saa tisa alasiri, uzunguke mjini: sokoni, stendi, karibu na stesheni ya reli, kwenye vijiwe vya bodaboda. Tazama watu wamekaa chini ya miti gani, kisha tazama miti ambayo haina mtu chini yake. Wakaaji wa vijiwe wana macho makali kuliko mabwana miti wengi, kwa sababu wao wanalipia kosa kwa migongo yao.

Nasema Septemba kwa sababu kila mti ni mzuri mwezi wa Machi. Huku kwetu mvua huanza Novemba, au Oktoba mwishoni ikiwa na huruma, na hukatika Aprili. Ikifika Septemba mti umekaa takribani miezi mitano bila tone. Miti yetu ya miombo, akina mninga na mtundu, hukabili kiangazi kwa kuvua nguo: humwaga majani ili isipoteze maji, kisha huchipua upya mvua inapokaribia. Kwa mti hiyo ni akili. Kwa mtu anayetafuta kivuli ni hasara, maana majani yanaondoka wakati joto linapanda. Isitoshe, Tabora iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa. Mti wa kivuli wa Tabora ni ule ulio na majani mwezi huo. Mti mwingine wowote ni pambo.

Hapo ndipo mkweo na mwembe wake anaponishinda kwa hoja kabla sijafungua mdomo; ushahidi uko kwenye njia ya zamani ya misafara.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo letu la Tabora, kisha ikaendelea Ujiji, ilitembewa sana wakati wa kiangazi. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima pia. Walibeba mizigo mvua zikiisha, na wengi walipenda wawe wamerudi mashambani kabla ya kupanda. Safari yenyewe ilichukua miezi. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba. Hesabu miezi hiyo utaona ni karibu kiangazi chote, hadi ncha yake kali. Watu wa namna hiyo walihitaji mti unaobaki na majani mazito Agosti, Septemba na Oktoba. Mwembe, uliotoka Asia ukafika pwani kwa majahazi, una sifa hiyo hasa: haupukutishi majani yake yote kwa mara moja, na mzizi wake mkuu hushuka chini sana kufuata unyevu ambao nyasi na mahindi hayaufikii.

Wazee huieleza miembe ya njiani kwa namna mbili. Wengine husema ilijiotea kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia. Wengine husema ilipandwa kwa makusudi na Waarabu na Wanyamwezi waliokaa kwenye vituo. Mimi naegemea hadithi ya pili, na sababu yangu ni ya kibustani. Kokwa la embe halina subira. Likikauka wiki chache hufa ndani, huwezi kulibeba mfukoni miezi mitatu ukalipanda. Na maembe huku huiva kati ya Novemba na Januari, wakati ambao safari nyingi zilikuwa zimepungua. Kokwa lililotupwa kando ya njia likaota lilikuwa bado na mbuzi wa kulikwepa, na moto wa nyasi, na miezi mitano ya ukame wa kwanza. Mche wa mwembe hauvuki hayo peke yake mara nyingi. Palipo na miembe mikubwa kwa safu, ujue palikuwa na mtu na mtungi wa maji.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Chini ya vivuli hivyo walipumzishwa pia watu waliofungwa minyororo. Njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania kule UNESCO tangu 2006, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, na jina inaloitwa humo ni la biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kwihara ni hapo nje ya mji wako, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872. Wapeleke wanafunzi wako siku moja.

Sasa miche ya baba yako. Usijilaumu, wala usimwambie baba kwamba alikupa miche mibovu. Ilikuwa mizima, ila ilizaliwa kwa kalenda nyingine. Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko kwenye 1,200 hivi. Mita hizo 700 ni nyingi kwa mmea kuliko zinavyosikika. Mtofaa na mpeasi ni miti ya nchi za baridi. Hulala baridi inapoingia, na ndani ya machipukizi yake mna namna ya kuhesabu saa za baridi. Hesabu ikitimia, mti unaamka wote kwa pamoja. Isipotimia, unaamka vipande vipande, tawi hili leo na lile baada ya miezi, na mengine hayaamki kabisa. Ndicho unachokiona uani kwako. Mtofaa wako bado unangoja Julai ya Njombe. Paina nayo huishi kwa ushirika na kuvu fulani wa udongoni. Huko Sao Hill, Mufindi, kuvu hao wamejaa tele, lakini kwenye kichanga cha Ipuli hawapo. Ukiongeza kiangazi chetu, ilikuwa haina pa kutokea.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, nami ningependa umwandikie baba. Kwenye bustani ya baridi mti unaovua majani ni baraka. Juni na Julai jua la adhuhuri linainamia kaskazini, na mzee aliyekaa barazani Njombe asubuhi yenye umande wa barafu hataki kivuli, anataka jua. Mpeasi uliopandwa kaskazini, karibu hadi matawi yafunike baraza, humpa kivuli miezi ya joto, na ukipukutika baridi inapoingia unamwachia jua lote. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ya kaskazini hufanya hivyo hivyo, ila wao hupanda upande wa kusini kwa kuwa jua lao la baridi liko kusini. Kwa hiyo mti ule ule unaosifiwa Njombe kwa kuvua majani, Tabora tunaukataa kwa sababu hiyo hiyo. Na usimpelekee baba mche wa mwembe kama zawadi. Barafu ya usiku mmoja huunguza machipukizi yake, na hata ukipona utampa majani bila embe.

Tuje kwenye kiwanja chako. Kuna jambo ambalo wauza miche hawatakwambia. Joto la saa nane mchana sebuleni mwako haliponywi na mti. Saa hiyo jua bado liko juu ya bati, na kivuli cha mti wowote ulioupanda umbali wa haki kinaanguka karibu na shina lake. Dawa ya saa nane ni dari. Kama fedha ni ya kitu kimoja mwaka huu, weka dari sebuleni kwanza, mti hauna gharama kubwa na utapata nafasi yake.

Kazi ya mti inaanza saa tisa na nusu. Wakati huo, kwa jua la Oktoba, kivuli kinakuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe. Mti wa mita saba uliosimama mita saba magharibi ya ukuta wako utagusa mguu wa ukuta saa hiyo, kisha kivuli kitapanda ukutani na dirishani kadiri jua linavyoshuka. Ukuta usiochomwa alasiri hautawarudishia joto saa tatu ya usiku, wakati watoto wanataka kulala. Basi unayo nafasi: una mita tisa mbele. Pima mita saba kutoka ukutani, mkabala na dirisha la sebule, uweke kijiti. Kwanza inua macho. Kama waya za umeme zinapita juu ya hapo, sogeza kijiti kaskazini au kusini hadi uwe salama. Inamisha macho pia: karo la choo na bomba la maji visiwe chini ya mti.

Miashoki ya mumeo. Nitasema taratibu, maana nasikia ni mtu mwema. Mwashoki ni mti mzuri wa kusimama. Umenyooka juu, matawi yameshuka yakilalia shina, majani yanang'aa mwaka mzima. Kwa sababu hiyo hiyo hauna kivuli cha mtu kukaa. Kumi kwa mstari mbele ya nyumba itakupa vivuli kumi vyembamba kama fito, na katikati yake jua litapita kama kawaida. Mti huo ni wa kuziba vumbi na macho ya wapita njia. Mpe mumeo upande wa mashariki au wa jirani, apande mitatu minne kwenye uzio; upepo wa kiangazi unatoka mashariki na utapunguzwa. Amani ya nyumba ni muhimu, ila mbele asiweke.

Mkrismasi wa jirani ni mti wa Madagaska ambao tumeuzoea hadi tukaupa jina la sikukuu yetu. Desemba hakuna mti unaoushinda kwa uzuri. Lakini kiangazi unavua majani, ukabaki na maganda meusi yanayolia upepo ukipita. Mbao yake ni nyepesi, na zile dhoruba za kwanza za Novemba huvunja matawi yake hovyo. Mizizi inatambaa juu juu na kuinua sakafu ya uwanja. Uende ukakae barabarani, shuleni au kanisani penye uwanja mpana.

Kuhusu popo jirani yako hajakosea. Popo watakuja embe likiiva, na inzi watafuata embe lililooza. Vuna mapema na okota yaliyoanguka kila asubuhi, hakuna njia nyingine. Kuhusu msingi ametia chumvi. Nyumba zilizopasuka ukiziangalia vizuri, mwembe ulipandwa hatua mbili kutoka ukutani kwa sababu ulipokuwa mche ulionekana mdogo. Mti wa kuogopa kwa mizizi ni mkuyu, huo usiupande popote kwenye kiwanja cha mjini. Mimi ningekuonya juu ya jambo ambalo jirani hakulitaja, yaani watoto wa mtaa. Embe likianza kuwiva watalipiga mawe, na mawe hayo yatashukia kwenye bati lako. Weka ngoe ndefu pale nje, watu waombe na waitumie. Ni nafuu kuliko kununua bati.

Mwarobaini wako wa moyoni nauheshimu. Unavumilia ukame, mbuzi hawaupendi sana, na ukitunzwa unaweza kupita mita nne katika miaka mitatu. Kasoro yake ni majani madogo yanayopitisha jua, tena ukibanwa mno na kiangazi huyapunguza. Kivuli chake ni cha kupita. Chini ya mwembe ndipo utakapoandalia chakula.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: panda yote miwili, lakini kwa kazi tofauti. Mwembe pale kwenye kijiti, mita saba kutoka ukutani. Mwarobaini kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya kiwanja, mbali na mwembe kadiri upana wako wa mita 20 utakavyoruhusu. Mwarobaini utawapa watoto mahali pa kukaa kuanzia mwaka wa tatu. Mwembe utaanza kukaliwa mwaka wa tano au wa sita. Matawi yakianza kugombana, ukate mwarobaini. Utapata nguzo ambazo mchwa hawazipendi, na kisiki kitachipua ukitaka. Kwa miaka hiyo ya kungoja, simamisha kichanja mbele ya dirisha la sebule, utambaze pasheni ya njano. Ukiipa maji ya kusuuzia vyombo itafunika kichanja ndani ya mwaka, na juisi juu yake.

Usinunue mwembe wa kubebesha. Najua ndio unaosifiwa, na kwa biashara ya embe ni sawa. Lakini huo umetengenezwa uwe mfupi na uzae mapema, na matawi yake yako chini mno kwa mtu kupita. Kwa kivuli tunataka mwembe wa mbegu, unaopanda juu ndipo ufungue mwavuli. Tena ningependa kokwa litoke kwenye mwembe mkongwe wa hapa hapa Tabora. Mti uliovuka kiangazi cha miaka mingi bila kumwagiliwa umeshafanya mtihani. Mtoto wake si lazima afanane naye kwa utamu wa embe, lakini damu ni ile.

Kazi yenyewe inaanza sasa. Chimba shimo Septemba, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Acha shimo wazi lipigwe na jua. Mvua ya kwanza ikinyesha, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi, urudishe, ukijazia na ule wa chini juu kabisa. Samadi iwe imeoza kweli, nyeusi na isiyonuka. Hapa ndipo hadithi ya mchwa inapoanzia: samadi mbichi yenye nyasi ndani ni mwaliko kwao, nao wakimaliza nyasi wanahamia kwenye mche.

Desemba, embe zikiwa zimeiva na ardhi imelowa, chukua makokwa matatu yaliyoliwa wiki hiyo hiyo. Pasua ganda gumu kwa uangalifu kwa kisu, utoe punje iliyo ndani. Zipande kwenye shimo, upande uliobonyea ukitazama chini, kina cha vidole viwili. Zikiota, acha mwaka huo upite, kisha bakiza mche wenye nguvu zaidi. Kupanda papo hapo kuna faida moja kubwa: mzizi mkuu haukutani na mkunjo wa kiriba, unashuka moja kwa moja. Kwa mwarobaini nunua mche, lakini chana kiriba chote ukitoe. Nimeona watu wanatoboa tu chini wakidhani wanasaidia, halafu mti unaanguka ukiwa mkubwa, mizizi imejiviringa pale pale ulipokuwa kwenye kitalu. Ukihitaji miche ya kuaminika, waulize maofisa wa TFS, wakala wa misitu, au kituo cha utafiti cha Tumbi. Wako jirani na mji na kilimo cha miti si jambo geni kwao.

Mchwa wa Tabora huwezi kuwamaliza, unaweza kuwafanya wapite. Wanapenda kitu kikavu na kitu kilicho dhaifu. Matandazo ya nyasi ni mazuri kwa kuhifadhi unyevu, lakini yakae umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina. Hapo katikati mwaga majivu ya jikoni, uyaongeze kila mvua inapoyaosha. Fito za uzio wa kuzuia mbuzi zisiguse mche. Zaidi ya yote, usiuache mche ukae na kiu, kwani mche wenye maji ya kutosha huguswa mara chache.

Kumwagilia nako kuna namna. Kikombe kila siku kinalowesha vumbi tu na kufundisha mizizi kukaa juu. Upe mti debe moja, lita 20, mara moja kwa wiki, taratibu, kuanzia Mei hadi mvua zirudi. Kama maji ni ya kununua, tafuta mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uufukie hadi shingoni, nusu hatua kutoka kwenye shina la mti, uujaze, ufunike kwa kigae. Maji yatavuja polepole kupitia kuta zake na mizizi itayafuata. Fanya hivyo kwa viangazi viwili, na cha tatu kama bado una wasiwasi. Baada ya hapo mwembe utajitafutia.

Kuhusu kukata: usiguse kilele. Kuna tabia ya kukata kilele ili mti utanuke. Mti unatanuka kweli, ila kwenye kimo cha kichwa cha mbuzi. Acha upande. Kila mwaka, mvua zikiisha, ondoa tawi moja au mawili ya chini kabisa, hadi mtu mzima aweze kupita akiwa amesimama wima.

Ule mpeasi uliobaki na mtofaa usiing'oe kama ni kumbukumbu ya baba, lakini maji ya kiangazi yakipungua, uupe mwembe kwanza.

Na nyinyi wasomaji wengine wa Tabora, Urambo, Kaliua na kote njia ilikopita, nina ombi. Miembe ile mikongwe inazeeka. Mwembe huishi zaidi ya miaka mia, lakini hauishi milele: hata Ujiji, mwembe ambao inasemekana Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871 haupo tena, na iliyosimama pale inasemekana ni vizazi vyake. Kila mwaka mmoja unakatwa kwa ajili ya mkaa, mwingine kwa ajili ya fremu za maduka. Miombo yetu nayo imeshaliwa vya kutosha na mabani ya tumbaku. Kama unao mwembe mkongwe kwenye eneo lako na ni lazima ukatwe, ngoja msimu mmoja wa embe, upande kwanza makokwa yake mawili mahali pengine, ndipo umwite mwenye msumeno.

Wewe mwalimu, chimba shimo Septemba hii hii. Ukingoja Oktoba, ardhi ya Ipuli haitaingia jembe.